Walimu, likizo ndefu ni kuachishwa ziwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimewataka waandike juu ya safari waliyowahi kufunga. Kati ya insha 43 zilizokuwa mezani, 19 zilianza kwa jogoo la kwanza kuwika. Ndege waliimba nyimbo tamu mitini, jua likachomoza mashariki, gari likafyatuka kama mshale, na msafiri akawasili alikokuwa akienda bila ya kuona lolote njiani. Nilizirudisha karatasi hizo zikiwa zimejaa wino mwekundu, kisha nikawahutubia wanafunzi kwa muda mrefu juu ya ubaya wa kukariri maneno ya watu wengine. Nilipomaliza, kijana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono na kuniuliza kwa adabu zote, "Daktari, nawe umewahi kusafiri wapi?"

Nilitaja miji minne mitano ambako nimehudhuria makongamano. Lakini hata nilipokuwa nikiitaja, nilijua kwamba kijana yule amenibana. Katika miji hiyo niliona uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi wa mikutano, basi. Kama ningeambiwa niandike insha niliyowapa, huenda nami ningemwamsha jogoo.

Swali hilo lilikuwa lingali linanikera nilipopewa likizo ndefu ambayo wahadhiri hupewa baada ya miaka kadhaa ya kufundisha mfululizo. Wenyewe huiita sabatiko, neno lenye asili moja na Sabato, kwa maana katika Torati ardhi nayo iliamriwa ipumzishwe kila mwaka wa saba. Kwa mujibu wa desturi zetu lakini, ni nadra mhadhiri kupumzika. Aghalabu huitumia likizo hiyo kufundisha katika chuo kingine ili aongeze kipato, au kujenga nyumba, au kuandika ripoti za mashirika. Siwalaumu wenzangu. Ada za watoto hazingoji mtu apumzike. Nami nilikuwa nimekwisha kuahidiwa vipindi katika chuo fulani.

Kilichonizuia ni neno lenyewe, likizo. Mtu wa isimu ana ugonjwa wa kufukua maneno. Nilipolifukua hili niliona kuwa limetokana na kitenzi likiza, ambacho katika kamusi za zamani kina maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka. Maana ya pili ni kumwachisha mtoto ziwa. Nilikaa na maana hiyo ya pili kwa muda mrefu. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hampi mapumziko. Humwondolea kile alichokizoea ili ajifunze kula chakula kigumu. Mtoto hulia, hukonda kidogo, kisha hukua. Ikiwa likizo ni hiyo, basi mhadhiri anayetoka katika darasa moja na kuingia katika darasa jingine hakulikizwa. Amebadilisha ziwa tu.

Nikavikataa vile vipindi. Mke wangu hakupendezwa, na alikuwa na haki. Nikamshawishi rafiki yangu, mwalimu wa biolojia katika shule ya upili, aombe ruhusa ya wiki moja, tuupande Mlima Kenya.

Kwa nini mlima huo? Kwanza, kwa sababu ya aibu. Nchi yetu imebeba jina lake, nembo ya taifa imebeba umbo lake, na mimi niliyezaliwa mahali ambapo huonekana alfajiri kunapokuwa hakuna mawingu sikuwahi hata kuufikia mguu wake. Pili, kwa sababu ya taaluma yangu. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850 na kamusi kubwa iliyotolewa mwaka 1882 baada ya kifo chake. Sisi tunaosomesha lugha humtaja kwa vitabu hivyo. Tunasahau kuwa alikuwa mtu wa miguu. Mwezi Desemba mwaka 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliviona kwa mbali vilele vyenye theluji. Aliporudi huko mwaka 1851, msafara wao ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na mtaalamu wetu wa sarufi akatangatanga peke yake nyikani akisumbuliwa na njaa na kiu. Zaidi ya hayo, wasomi wa Ulaya waliokuwa wameketi maktabani hawakusadiki kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Ilibidi Joseph Thomson afike na kuuona mlima huo mwaka 1883 ndipo shaka iwatoke.

Jina lenyewe ni somo la fonolojia. Wagikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Linganisha sasa neno la Kigikuyu la mlima, kirima, na la Kikamba, kiima. Utaona kwamba pale Kigikuyu kinapotamka r, Kikamba kimeidondosha. Na g nayo hudondoka vivyo hivyo katika maneno mengi. Ukizidondosha r na g katika Kirinyaga utapata jina linalokaribia sana lile ambalo Krapf aliliandika alipokuwa miongoni mwa Wakamba, na ambalo leo limo katika pasipoti zetu. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi ubaoni. Sikujua kuwa mlima wenyewe ungenifundisha jingine.

Tulianzia katika lango la Sirimon, nje ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, mwezi wa Februari, kwa kuwa Januari na Februari ni miezi ya kiangazi. Lango hilo liko katika mwinuko wa mita 2,650. Tulikuwa na kiongozi na wapagazi wawili. Kiongozi wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa chini ya mlima huo, alitukagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua wanafunzi gwarideni: viatu, soksi, glavu, tochi, koti la mvua, mfuko wa kulalia. Kisha akashauri kwamba tulale siku mbili katika kambi ya kwanza, iliyo mita 3,300 juu ya bahari, ili miili ipate kuzoea hewa. Nilikataa. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu juu ya mlima huo, nilikuwa na hesabu yangu ya fedha, na nilijihisi mzima. "Sawa, mwalimu," akasema, wala hakuniongezea neno.

Siku ya kwanza tulipita katika msitu wa mitarakwa na mipodo, miti ambayo vigogo vyake vimevaa kuvu na ndevu za kijani. Siku ya pili msitu ulikwisha, tukaingia katika majani marefu ya nyanda za juu, tukavuka Mto Ontulili na kijito cha Liki, halafu tukafuata bonde refu lililopewa jina la Mackinder, Mwingereza ambaye pamoja na wenzake wawili alikuwa wa kwanza kufika Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, mwezi Septemba mwaka 1899. Humo bondeni rafiki yangu alikuwa kama mtoto aliyeingizwa dukani. Aliisimamia kila mimea. Alinionyesha lobelia kubwa ambayo jioni hukunja majani yake ili kulinda kichipukizi cha katikati dhidi ya baridi kali ya usiku, na senesio ambazo hazivui majani makavu bali huyavaa kama blanketi shinani. "Miaka kumi na minane nimeichora ubaoni," akasema, "na nimekuwa nikiichora vibaya." Pimbi walitutazama kutoka mawe yaliyokuwa karibu, pasi na woga wowote.

Nami nilikuwa na mashaka ya aina nyingine. Nilitaka kuyaandika niliyoyaona kwa Kiswahili, nikaona kalamu haina maneno. Mimea niliyoiona niliita "mmea huu" na "mmea ule". Mabonde yalikuwa na majina ya wageni: Mackinder, Hausberg, Teleki, Hobley. Vilele vitatu vikuu, Batian, Nelion na Lenana, vina majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai, lakini hata hayo yaliwekwa na Mackinder. Sikumwonea kinyongo. Mtu akitembea na kuandika, ramani humtii.

Jioni ya siku hiyo ya pili tulifika kambi ya Shipton, mita 4,200. Tulikuwa tumepanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku mbili. Kichwa kilikuwa kikinigonga kama ngoma ya unyago. Chakula kilipoletwa, harufu yake ilinichefua, nikakificha chini ya jiwe ili wengine wasione. Kiongozi akaniuliza, "Mwalimu, umekula?" Nikajibu kuwa nimekula. Nilidanganya, msomaji, kama mwanafunzi aliyeulizwa kazi ya ziada. Sikutaka mtu yeyote aseme kuwa daktari ameshindwa.

Saa tisa za usiku tuliondoka kwa mwanga wa tochi kuelekea Lenana, kilele cha tatu, mita 4,985, ambacho mtu hukifikia kwa miguu bila ya kamba. Katika mwinuko huo mapafu hupata hewa iliyozidi nusu kidogo tu ya ile ya Mombasa. Njia ni ya changarawe. Ukipiga hatua mbili, unarudi moja. Baada ya muda nilianza kujisikia vyema kwa namna ya ajabu. Maumivu yalikuwa bado yapo lakini yalikuwa kama ya mtu mwingine. Nikasema kwa sauti, "Mlima hiki kimekuwa kirefu."

Kiongozi alisimama. "Umesema nini, mwalimu?"

Nikarudia kwa uthabiti kama niko mbele ya darasa: "Mlima hiki kimekuwa kirefu."

Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu ngeli za Kiswahili. Kurasa zaidi ya 300 niliziandika juu ya upatanisho wa kisarufi. Na usiku ule, katika mwinuko wa takriban mita 4,700, mtoto wa darasa la pili angenisahihisha, lakini mimi sikusikia kosa lolote. Kiongozi alinimulika usoni. Akachora mstari juu ya mchanga kwa fimbo yake, akaniambia niufuate, kisigino kiguse kidole kila hatua. Nilipiga hatua tatu nikayumba kama mlevi, nikashikwa mkono.

"Tunashuka," akasema.

Nilibisha. Nilimweleza kuwa nimelipa, kuwa nimebakiza kama mita 300 tu, kuwa mimi ni mtu mzima ninayejua nafsi yangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Mlima hauendi popote, mwalimu. Tutaukuta." Akampa mpagazi mmoja aliyeijua njia kazi ya kumfikisha rafiki yangu kileleni, naye akanishika mkanda wa koti kwa nyuma, tukaanza kuteremka gizani.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hatari iliyonikabili ni ile ya ubongo kuvimba kwa upungufu wa hewa. Dalili zake ni hizo: kuchanganya maneno, kuyumba, na kujiona mzima. Dawa yake ya hakika ni kushuka, na kushuka mara moja. Wapo waliokufa katika milima mirefu kwa kungoja kupambazuke. Tulipofika Shipton hatukusimama, tuliendelea chini. Jua lilipotoka tulikuwa tumeketi karibu na kijito. Kiongozi aliniuliza, "Mwalimu, ule ni nini?" akionyesha vilele vilivyokuwa vimewaka rangi ya dhahabu. Nikajibu, "Ule ni mlima." Akatabasamu na kunimiminia chai. Sikujua alikuwa akinitahini mpaka nilipokuwa nimekwisha kufaulu.

Rafiki yangu alifika Lenana. Aliniletea habari kwamba ile barafu ya Lewis, ambayo tuliiona katika picha za zamani ikilijaza bonde zima, sasa ni kipande kilichoshikilia mwamba. Mimi sijafika Lenana hadi leo. Hata hivyo sijuti hata chembe. Nilikwenda mlimani nikitafuta kitu cha kusimulia, nikarudi na jambo ambalo miaka yote ya ualimu haikunipa: nilikumbuka jinsi ilivyo kutojua. Mwalimu aliyezoea kuwa mjuzi kuliko wote waliomo chumbani husahau kuwa mwanafunzi anayedanganya kuhusu kazi ya ziada aghalabu ni mtu mwenye hofu. Husahau pia kwamba mwenye kukosa huweza kuwa na hakika sawasawa na mwenye kupata. Tangu siku ile, mwanafunzi anapoandika "mlima hiki", kalamu yangu nyekundu husita kidogo kabla ya kugusa karatasi.

Najua pingamizi zilizopo. Mwalimu wa shule ya msingi ataniambia kuwa yeye hana sabatiko, na kwamba mshahara wake hauvuki tarehe kumi. Ni kweli. Lakini anazo likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na nyingi kati ya hizo zimeliwa na masomo ya ziada, ijapokuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza. Mlima Longonot una mita 2,776, na mtu wa Nairobi au Nakuru huupanda na kurudi kwake siku hiyo hiyo. Vilima vya Ngong viko karibu zaidi. Kilindi cha Menengai kiko juu ya mji wa Nakuru na wako wanaozeeka mjini humo bila ya kukichungulia. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni katika mbuga na milima ya serikali. Isitoshe, safari haipimwi kwa mita bali kwa umbali unaojitoa katika mazoea yako.

Mwaka 1943 Waitaliano watatu waliokuwa mahabusu wa vita katika kambi ya Nanyuki walitoroka, si kwa ajili ya kukimbilia kwao, bali ili waupande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia uzio wa seng'enge. Walijishonea nguo na kujitengenezea vifaa kwa siri. Ramani yao mojawapo ilikuwa picha iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama. Mmoja aliugua, na wawili, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walifika Lenana. Kisha wote wakarudi kambini kwa hiari na kujisalimisha. Ikiwa mfungwa alipata nafasi ya kujilikiza, sisi tulio huru tuna udhuru gani?

Wala asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Neno safari wamelichukua kutoka kwetu katika karne ya 19, wakalifanya kuwa la kutazama wanyama garini. Lakini mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Waswahili wenyewe kwa Kiswahili chao. Ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande aliyeingia bara, na Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani. Watu hao waliandika walichokula, walichoogopa na walichocheka. Na usiku wa uhuru, Desemba mwaka 1963, bendera yetu ilipandishwa juu ya Mlima Kenya na Kisoi Munyao, mwana wa nchi hii. Basi lugha ilikuwa na wasafiri, na mlima ulikuwa na wenyewe. Tulioacha ni sisi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi. Mwalimu, likizo ijayo jitenge na ziwa lako walau kwa siku mbili. Usiende peke yako; tafuta kiongozi anayepajua mahali, na akikwambia lala, lala; akikwambia shuka, shuka. Usifiche kichwa kinapouma. Mwendo uwe wa polepole, maana mwenda pole hajikwai, na milimani aliyejikwaa hainuki kirahisi. Nawe mwanafunzi, ukirudi, chukua karatasi uandike. Andika jinsi viatu vilivyokubana, ulivyoogopa, ulivyokatazwa kuendelea. Usione haya kuandika kwamba hukufika.

Yule kijana aliyeniuliza swali alikuwa mwaka wa nne niliporejea kazini. Nilimkuta maktabani nikamsimulia yote, hata kile chakula chini ya jiwe. Alicheka sana, kisha akaniuliza kama nimeiandika. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi iandike, Daktari, nasi tuisahihishe."

Ndiyo hii.